Ajuza wa Manyoni na tone lililonipandisha Mlima Saranda

KUNA miji ya kushuka na kuna miji ya kupita. Kwa sisi watoto wa Dar, Manyoni ni mji wa kupita. Basi linasimama, unanyoosha miguu, unanunua soda na chupa ya asali, kondakta anagonga bodi mara mbili, huyooo, mnaishia zenu Singida. Ukifumbua macho tena uko Nzega. Hivyo ndivyo nilivyoujua mji huu miaka yote, na aibu yenyewe ni kwamba nina babu huko.

Safari hii nilishuka na begi. Tena nilikuwa na kazi ambayo kama ningepata wa kumwachia ningemwachia mchana kweupe: kumshawishi mzee wa miaka 80 na ushei auze gari lake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, injini ya petroli ya silinda nne, sisi 2,286. Hiyo 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Babu aliinunua kwenye mnada wa magari yaliyochoka ya serikali mwaka 1989, ikiwa maiti, akaifufua mwenyewe. Tangu siku hiyo imebeba mizinga ya nyuki, magunia ya alizeti, maharusi, majeneza, na wajawazito wa kitongoji kizima kuwakimbiza hospitali ya Kilimatinde. Jina lake ni Ajuza. Bibi ndiye aliyempa, na alimpa kwa wivu.

Kosa la Ajuza lilikuwa moja tu. Anavuja oili. Siyo kuvuja kwa kutia doa sakafu, la hasha, ni kuvuja kwa kufilisi ukoo. Kila mwezi kwenye kundi letu la familia la WhatsApp ulikuwa unapita mchango wa oili ya Babu, na oili yenyewe inaishia kunywesha ardhi ya Manyoni. Fundi mmoja wa barabarani akaja, akachungulia chini, akaona tone linaning'inia pale injini inapokutana na giaboksi, akatoa hukumu hapo hapo: sili ya nyuma ya krenki imekufa, injini ishushwe, laki nane na nusu, vipuri mbali. Kundi likanuna. Shangazi akaandika kwamba hela hiyo inatosha kabisa ada ya mtoto. Baba Mdogo akampata mnunuzi wa chuma chakavu kwa simu, wakakubaliana, mtu angefika Jumamosi na Canter yake. Mimi nikateuliwa kwenda kumlainisha mzee kwa sababu, eti, mjukuu haogopwi.

Basi Jumatano nikapanda treni ya mwendokasi, ile iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, na kutoka Dodoma nikadandia basi. Hapo ndipo safari inapoanza kwa kweli. Unapita Bahi, unapita Kintinku, nchi imelala kama mkeka, mbuyu hapa, mbuyu kule, ng'ombe wanavuka barabara kwa raha zao. Halafu mbele yako unasimama ukuta. Huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na barabara inaukwea kwenye Mlima Saranda, ambao madereva wa malori wanauheshimu kama mkwe. Basi likashika gia ndogo, likaanza kulia. Ukifika juu hewa inabadilika, na baada ya hapo kidogo uko Manyoni. Shika mlima huo kichwani, msomaji, tutaurudia.

"Mbukwa!" Bibi alinipokea kwa Kigogo. Halafu, kama kawaida yake: "Mume wangu, umekonda. Huko Dar hawakulishi?" Nikala ugali wa uwele na mlenda mpaka nikasahau nilichotumwa. Nilipokuja kukumbuka ilikuwa usiku, nikaanza kwa mbali: gari limezeeka, oili imepanda bei, chuma kina soko siku hizi.

Babu hakujibu. Bibi ndiye aliyeuliza gari likishauzwa linakwenda wapi. Nikamweleza ninavyojua. Bodi la Land Rover siyo chuma, ni alumini. Waingereza walipoitoa mwaka 1948, vita ilikuwa imeisha juzi tu, chuma kwao kilikuwa cha mgawo na alumini ilikuwa imejaa tele. Ndiyo maana wanunuzi wa chakavu wanazitolea macho: alumini inayeyushwa, zinatengenezwa sufuria.

"Sufuria?" akasema Bibi. "Kwa hiyo mnataka nipikie mlenda kwenye gari la mume wangu?"

Nikanyamaza. Babu akachukua tochi, akatoka nje, akatandika boksi la kadibodi chini ya Ajuza. Kumbe hufanya hivyo kila usiku, na kila asubuhi anahesabu matone. Asubuhi ya Alhamisi tuliangalia wote wawili. Kuhesabu kulikuwa hakuwezekani, palikuwa na ziwa.

"Mwezi uliopita," Babu akasema huku ameinama, "walikuja kunigongea saa 8 ya usiku. Binti wa jirani, uchungu umemshika. Nikachomoa kijiti cha oili, kikavu. Dukani wamefunga. Akapelekwa kwa pikipiki." Akakunja lile boksi. "Alijifungua salama. Lakini kwa pikipiki."

Hapo ndugu zangu nikaona hotuba yangu yote ya bei ya oili haina miguu. Nikamwuliza kama kuna fundi mwingine.

Alikuwapo. Gereji yake ni mti wa mkwaju karibu na reli, na viti vyake ni rimu mbili za lori. Mtu mzima wa miaka 60 na zaidi, kofia imeiva kwa grisi, mikono imetulia kama ya daktari. Sisi tukijua gari linavuja tunalala chini tunachungulia. Yeye hakulala. Alichovya kidole kwenye tone, akalisugua kwa dole gumba, akalinusa, akaninusisha na mimi.

"Unasikia harufu ya kiberiti?"

"Hapana."

"Basi siyo oili ya giaboksi. Ya giaboksi inanuka kama yai viza. Hii ni ya injini."

Halafu akafanya jambo ambalo yule fundi wa laki nane na nusu hakulifanya. Chini ya lile chungu linaloziba klachi, pale injini inapokutana na giaboksi, Land Rover ina kitundu. Kimewekwa makusudi, ili sili ya ndani ikivuja oili ipate pa kutokea na klachi isilowe. Fundi akafunga kitambaa cheupe kwenye kijiti, akakichomeka ndani, akazungusha, akatoa. Kitambaa kilitoka na vumbi. Kikavu!

"Sili haina kosa," akasema. "Oili inapita nje, inakuja kuning'inia hapa kwa sababu hapa ndipo chini. Mwizi mnamkamata alipolala, siyo alipoiba."

Nikauliza basi aliiba wapi. Akacheka. Oili haipandi mlima, akasema. Inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo usianzie kwenye tone. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, na pa mbele kabisa. Tatizo ni kwamba injini ya Ajuza ilikuwa imelowa yote, miaka na miaka ya oili na vumbi la Manyoni, imejenga gome kama la mbuyu. Tukaikwangua kwa dizeli, brashi na maji ya sabuni mpaka saa 9 alasiri. Msomaji, mimi niliyezoea kusafisha simu kwa kitambaa laini, kucha zangu mpaka leo zina ushahidi.

Injini ikatokea, ya kijivu, nzuri. Fundi akanituma dukani nikanunue poda. Nikadhani ni jina la dawa ya gari. Hapana, poda ya watoto! Muuzaji akanipa pongezi za mtoto, nikazipokea tu. Fundi akaimwaga kiganjani akaipuliza kwenye injini, juu, pembeni, nyuma, mpaka Ajuza akafanana na bibi harusi. Poda ni shahidi asiyehongwa. Oili ikipita juu yake, hata kidogo, unaona mstari mweusi.

Tukawasha. Dakika 10, 20, nusu saa. Injini inanguruma palepale, poda nyeupe pee. Hakuna kitu. Vijana wa kijiweni wakaanza maneno: eti Ajuza kaona aibu mbele ya mgeni wa Dar. Mimi moyoni nikaona Jumamosi hiyoo inakuja.

Fundi akamgeukia Babu. "Mzee, huwa inavuja zaidi ukitoka wapi?"

Babu akafikiri. "Nikitoka Kintinku."

"Kesho twende Saranda."

IJUMAA saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa barabarani, Babu kwenye usukani, fundi pembeni yake, mimi nyuma kwenye benchi pamoja na dumu la maji na galoni ya oili ya akiba. Kama hujawahi kukaa nyuma ya 109, hebu nikupe siri: hakuna mazungumzo. Ni kelele ya giaboksi, harufu ya petroli, na kichwa chako kugonga paa. Lakini nilifurahi, sikatai. Ukiangalia chini kutoka ukingoni unaona mbuga yote hadi Bahi imefunikwa na ukungu mwembamba, na reli ya kati ikijipenyeza kwenye uwanda kama uzi. Wajerumani waliianzisha Dar mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na hawa jamaa wa Saranda wameiona inapita tangu mababu zao.

Tukateremka kwa gia ya pili. Chini tukasimama, tukafungua boneti: poda nyeupe. Babu akageuza gari. Lori la mahindi likatupita, utingo akapunga mkono akasema, "Mzee, huyo bibi atafika?" Babu akakanyaga.

Ajuza alipanda. Hakukimbia, lakini alipanda, pua juu, injini inavuta kwa nguvu zake zote. Tulipofika juu fundi akaruka kabla gari halijatulia, akanyanyua boneti, akanyamaza. Halafu akaniita kwa kidole.

Kwenye weupe ule wa poda kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba kama wino. Ulianzia kona ya nyuma ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu kabisa wa injini, ukateremka nyuma ya silinda hedi, ukafuata mgongo wa injini, ukapinda kidogo na upepo, ukaishia pale pale kwenye tone. Pale ambapo fundi wa kwanza alisomea hukumu ya laki nane na nusu.

Sababu ya kuvuja mlimani tu? Gari likipanda, pua inainuka, na oili inayolainisha tapeti inakusanyika nyuma ya mfuniko. Gasketi ya pale ni ya koki, na ilikuwa imekauka kama ganda la karanga. Hiyo ilinitosha mimi. Fundi haikumtosha. Alikuwa anatazama ule mfuniko akitikisa kichwa.

"Gasketi kavu inalia machozi," akasema. "Hii inatema. Kuna kitu kinaisukuma."

Akaeleza kwamba kila injini inapumua. Moshi kidogo wa moto hupenya kwenye ringi za pistoni ukashuka kwenye sampu, na mlimani injini inapobanwa unapenya mwingi zaidi. Lazima uwe na mlango wa kutokea. Ukikosa mlango unatafuta dirisha, na unatoka na oili. Kwenye Ajuza milango ni miwili: kidude kidogo juu ya tapeti kava, na kile kifuniko cha bomba la kujazia oili, ambacho ndani kina wavu. Kile kidude cha juu tulikuta kimeziba kwa masizi. Akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Hicho huwa nafungua mimi," Babu akasema haraka.

Kweli, katika miaka yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kujaza oili gari lile. Fundi akarudisha mkono, akasubiri. Babu akafungua mwenyewe, taratibu, akakigeuza. Ndani ya kifuniko, juu ya wavu, kulikuwa na kipande cha godoro. Sponji, kimekatwa mviringo kwa ustadi mkubwa, kimeshindiliwa, cheusi, kigumu kama ngozi.

Hakuna aliyesema neno. Basi moja likapita, likatutikisa. Babu akasema, kana kwamba anazungumza na kile kifuniko: "Kabla ya lami. Vumbi lilikuwa linaingia. Nikasema nichuje."

Ndugu msomaji, hesabu na wewe. Mwizi tuliyekuwa tunamtafuta siku mbili, aliyekula michango ya ukoo mzima, aliyemfanya binti wa watu apelekwe hospitali kwa pikipiki, alikuwa mwenye gari, na aliiba kwa kulipenda mno.

Fundi akakitoa kile kisponji kwa kisu, akakitia mfukoni mwake. "Gasketi imechoka, Mzee," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Koki nayo ina umri wake. Twendeni tukatafute nyingine." Ndivyo alivyosema na kule mkwajuni vijana walipouliza, gasketi imechoka, basi. Mimi ndiye ninayeropoka hapa. Babu gazeti huwa anasoma ukurasa wa mpira tu, na naomba ibaki hivyo.

Sasa tafuta gasketi ya Land Rover ya mwaka 1978 katika mji ambao kila duka la vipuri limejaa cheni za pikipiki na bushi za Noah! Ndipo nilipoizunguka Manyoni kwa miguu kwa mara ya kwanza maishani. Nilianzia barabara kuu, pale mabasi yanapochukua njia ya Singida na mengine ya Itigi na Tabora. Duka la kwanza binti alicheka. La pili wakanishauri niagize Dodoma. Nikapita stesheni, ambako tawi la reli ya Singida linachepuka, watu wamekaa juu ya mizigo kwa subira ambayo Dar hatunayo. Nikapita sokoni, nikaonjeshwa asali nyeusi ya nyuki wanaokula maua ya vile vichaka vizito vya upande wa Itigi, na nikajua kwamba ile niliyokuwa nanunua dirishani ni kitu kingine. Kila niliyemwuliza alianza na swali moja: "Ya Ajuza?" Mji mzima unalijua gari la babu yangu, mimi ndiye nilikuwa siujui mji.

Shiti ya koki niliipata duka la vipuri vya mashine za kusaga. Mwenye duka aliikunjua, akaniambia mama yake aliwahi kupelekwa Kilimatinde nyuma ya gari lile, masika, tope hadi magotini, Babu akiimba njia nzima ili mgonjwa asilale. Nikajua nimepata bure. Akasema 12,000. Tukamalizana kwa 9,000.

Fundi aliweka tapeti kava juu ya koki, akachora kwa peni, akakata kwa wembe. Vifuniko vyote viwili vya kupumulia vikaoshwa kwa petroli. Nati tatu zikakazwa kwa mkono mwepesi, kwa sababu koki ukiikaza kwa hasira inapasuka na unaanza upya. Gharama yote, pamoja na poda, haikufika 60,000. Jioni tukarudi tena Saranda, tukashuka, tukapanda. Boneti ikafunguliwa. Nyeupe.

Nilipiga picha, nikaitupia kwenye kundi la familia. Shangazi akauliza: "Ndiyo nini hiyo, unga?" Huyu Shangazi ndiye aliyemwonyesha Babu video za lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, magari yamejipanga hadi macho yanachoka. Babu alitazama mara tatu, kisha akauliza: "Na hizo zote hazivuji?"

Jumamosi asubuhi boksi lilikuwa na matone mawili. Babu aliyanusa. Yananuka kiberiti.

"Giaboksi," akasema, akalirudisha boksi mahali pake.

Saa 4 Canter ikafika. Mnunuzi ni kijana mstaarabu, alimwamkia Babu kwa heshima zote, akamzunguka Ajuza akigonga bodi kwa vidole kama anayechagua tikiti maji. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Babu akamwuzia plau iliyovunjika, springi za kitanda na beseni bovu, wakapima kwenye mizani, akalipwa, akahesabu.

"Na hili, Mzee?"

"Hili Jumatatu lina abiria," Babu akasema, akaniuliza kama nimebakiza ile poda.